Jinsi ya kumtambua papa msumeno wa Zanzibar, na cha kufanya akinasa kwenye wavu wako

Kwenye maji ya Zanzibar kuna papa mdogo mwembamba, pua yake ndefu imepangwa meno huku na huku kama msumeno wa seremala, na pamoja na kwamba yupo hapo tangu enzi na enzi, wataalamu wamempa jina rasmi mwaka 2020 tu. Jina lenyewe ni Pliotrema annae. Hapa nitamwita papa msumeno wa Zanzibar, kwa sababu wale waliopimwa kwenye kazi iliyomtangaza wote walitoka maji ya hapa hapa, kina cha mita 20 mpaka 35, yaani kama pima 11 mpaka 19 kwa hesabu ya nahodha. Sasa pima 11 ni bahari gani hiyo jamani? Si bahari kuu, si kule kwenye kiza anakokaa yule samaki wa kale silikanti, ni pale pale watu wanapotega jarife na kushusha mshipi kila siku.

Ndiyo maana naandika hii kwa watu wa dikoni kwanza, wavuvi, wachuuzi, madalali, halafu wapiga mbizi na wanafunzi wa mambo ya bahari. Meli ya utafiti inapita mara moja moja, wewe uko majini usiku wa leo. Na kinachokwamisha papa huyu asijulikane ni kitu kidogo tu: pua inakatwa mapema. Inasumbua kwenye wavu, inachoma mikono, inachukua nafasi kwenye ngama, basi mtu anaipiga panga na kuitupa. Akishakatwa pua kilichobaki ni kiwiliwili cha papa mdogo wa mchuzi, kumjua alikuwa nani kwa macho inakuwa kazi kubwa kweli. Kwa hiyo ninachoomba ni dakika tano kabla ya kisu.

Kumtoa kwenye wavu bila kumvunja

Hana sumu na si papa wa kung'ata watu, kinachoumiza ni pua. Akiwa hai anaipiga kushoto na kulia kwa haraka, ndivyo anavyowapiga samaki wadogo na kamba huko chini, na akiwa kwenye wavu anafanya hivyo hivyo, kwa hiyo kila akijitahidi kutoka anazidi kujifunga. Halafu meno yake makubwa ya pembeni yana vijino vidogo vidogo upande wa nyuma, ukivuta uzi kurudi nyuma unakwama palepale, na ukivuta kwa nguvu ama jino linang'oka ama pua inavunjika maana si mfupa ule, ni gegedu.

Fanya hivi. Mfunike kichwa na macho kwa gunia au kitambaa kilicholowa maji ya bahari, samaki wengi wa aina hii wakizibwa macho wanatulia. Mkono mmoja mshike nyuma ya kichwa kwa juu, mkono mwingine kwenye shina la mkia, usimning'inize kwa pua na usimning'inize kwa mkia peke yake hasa akiwa mzito, viungo vya ndani vya papa havina mbavu za kuvishikilia. Halafu kata uzi. Najua wavu ni pesa na kushona ni kazi ya mchana mzima, lakini ni matundu mawili matatu tu, chagua nyuzi zilizobana meno ya katikati uzikate, zilizobaki zitateleza zenyewe kuelekea nchani. Glavu nzito zinasaidia, kama hamna basi tumia kitambaa kinene, usiende mikono mitupu usiku.

Kwanza hakikisha si papa upanga

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na si ajabu, maana wote wawili wana pua ya meno. Ukimuona mdogo wa mita moja hivi, akili inakwambia moja kwa moja "mtoto wa papa upanga". Ukubwa hautakusaidia hapo, watoto wa papa upanga wanazaliwa wakubwa tayari, wengine wanakaribia mita nzima. Papa upanga akikua anafika mita tano au zaidi, papa msumeno hafiki hata nusu ya hapo.

Papa upanga, pamoja na jina lake, ni jamaa wa taa, yule samaki bapa. Mgeuze tumbo juu, utakuta mipasuo ya mashavu iko chini, upande wa tumbo, kama taa yeyote. Papa msumeno ni papa kweli, mipasuo yake iko ubavuni, unaiona bila kumgeuza. Hicho peke yake kinatosha kumaliza ubishi chomboni.

Ukitaka uhakika zaidi angalia ndevu. Papa msumeno ana ndevu mbili, laini, ndefu, zinaning'inia chini ya pua, moja kila upande, anazitumia kupapasa mchanga akitafuta chakula. Papa upanga hana kabisa. Angalizo tu: ndevu zinaweza kukatika kwenye wavu, kwa hiyo usiseme "hana" mpaka upitishe kidole chini ya pua utafute vishina vyake.

Na meno ya pua yenyewe. Ya papa upanga yanafanana ukubwa, yamepandwa kwenye mashimo yao ndani ya pua, na pua ina upana karibu ule ule mpaka mwisho, mbele imekuwa butu. Ya papa msumeno yamechanganyika, jino refu, katikati vifupi, refu tena, vifupi, na pua inakwenda ikichongoka mpaka nchani. Sulisuli na nduaro siwasemi sana, pua yao ni mkuki mtupu hauna meno, hakuna atakayewachanganya.

Mkikuta ni papa upanga kweli basi hiyo ni habari kubwa zaidi, maana jamaa wale wamekwisha sehemu nyingi za dunia na wote wako kwenye Kiambatisho cha 1 cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara ya kimataifa ya pua zao na mapezi yao imepigwa marufuku. Piga picha, mwachie, toa taarifa. Haya ya chini ni kwa yule mwenye ndevu.

Hesabu mipasuo

Papa karibu wote unaowajua wana mipasuo mitano kila upande. Huyu ana sita. Na hata ndani ya ukoo wa papa msumeno duniani, wale wengine wanaokaa Australia, Japani na kwingineko wana mitano, wenye sita wanapatikana upande huu wetu wa Bahari ya Hindi. Sita ndiyo inayokuingiza kwenye kundi la Pliotrema.

Kuhesabu kunaonekana rahisi lakini fanya taratibu. Mlaze ubavu, mwagia maji utelezi utoke, inua pezi la ubavuni kidogo kwa sababu mpasuo wa mwisho unaweza kujificha karibu na shina lake. Tumia kitu chembamba kisichochoma, chelewa ya ufagio inafaa sana, gusa mpasuo mmoja mmoja ukihesabu kwa sauti, halafu mwenzako ahesabu upande wa pili. Mkipata tano na mwenzako sita rudieni. Msisukume chelewa ndani, mle ndimo anamopumulia.

Kwa haraka angalia pia mapezi: mawili mgongoni, hayana miiba mbele yake, na chini karibu na mkia hakuna pezi. Kama kuna mwiba mgongoni, huyo ni papa mwingine kabisa.

Sasa ni yupi kati ya watatu

Sehemu hii naipenda kuliko zote kwa sababu hata bila kifaa chochote cha maabara mtu anaweza kufika mbali.

Kuanzia mwaka 1906, alipotangazwa yule wa Afrika Kusini anayeitwa Pliotrema warreni, mpaka 2020, watu walijua kuna papa msumeno mmoja tu mwenye mipasuo sita. Zaidi ya miaka 110. Kilichobadilisha mambo ni kazi ya watu wengi, Simon Weigmann wa Ujerumani ndiye aliyeongoza, na ndani yake yumo Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, wamo na Per Berggren na Andrew Temple ambao walikuwa wanafuatilia samaki wanaoshushwa na wavuvi wadogo wa upande huu. Kule Madagascar, Ruth Leeney akiwa anafuatilia uvuvi mdogo alikutana na pua mbili, pua tu bila samaki. Zilipoangaliwa vizuri pamoja na samaki wa zamani waliokuwa kwenye makumbusho, ikaonekana hapa hakuna mmoja, kuna watatu: warreni wa Afrika Kusini na kusini mwa Msumbiji, kajae wa Madagascar na ule mgongo wa bahari unaoelekea Mauritius, na annae wa Zanzibar. Kwa hiyo anayesema mvuvi hana mchango kwenye sayansi aiangalie hiyo orodha upya, samaki wote hao lazima kuna mtu aliwavua.

Namna ya kuwatofautisha. Chukua chelewa ndefu. Mgeuze samaki tumbo juu. Weka chelewa kuanzia ncha ya pua mpaka pale ndevu zinapoota, ivunje kwa urefu huo. Sasa chukua kipande hicho hicho kiweke kuanzia shina la ndevu kurudi nyuma mpaka mdomoni. Kama kinafika mdomoni sawasawa, au kinazidi kidogo tu, ndevu ziko katikati ya safari, na huyo ni annae au kajae. Kama kipande kinazidi sana, yaani umbali wa mbele ni kama mara mbili ya ule wa nyuma, ndevu zimesogea karibu na mdomo, basi huyo ni warreni, na kumpata warreni maji ya Zanzibar ingekuwa habari nyingine kabisa. Unaweza pia kuangalia umbo la pua kwa chini: hawa wawili wapya pua yao imebana, imejikata kiuno kati ya ndevu na matundu ya pua, yule wa Kusini haijabana.

Kati ya annae na kajae mambo ya kwanza ni rangi. Annae mgongoni ni kahawia, ya wastani mpaka iliyokolea, hana mistari. Kajae ni kahawia iliyopauka na ana mistari miwili myembamba ya njano njano inayopita mgongoni. Tumbo la kajae ni jeupe safi. Tumbo la annae akiwa mkubwa ni jeupe lakini lina madoa na mabaka meusi meusi. Nimesema akiwa mkubwa, mdogo anaweza kuwa na tumbo jeupe tupu, kwa hiyo usimkatalie kwa sababu hiyo. Na rangi iangaliwe samaki akiwa mbichi, ametoka majini sasa hivi, siyo baada ya kulala juani kwenye sitaha au kukaa kwenye barafu siku nzima, hapo kila papa anakuwa kahawia mbovu.

Jambo la pili ni kina. Kajae ameandikwa mita 214 mpaka 320, huko chini kabisa. Annae mita 20 mpaka 35. Kwa hiyo ukijua jarife lako lilikuwa kwenye pima ngapi umeshasema kitu kikubwa sana, na hicho ndicho watu wanasahau kuandika.

La tatu ni kipimo, kwa wenye futi. Pima urefu wote kuanzia ncha ya pua mpaka ncha ya mkia, samaki amelala kanyooka, futi iwe pembeni yake siyo juu ya tumbo maana utapata zaidi. Halafu pima kuanzia ncha ya pua mpaka mwanzo wa jicho. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, zidisha kwa 100. Kwa annae utapata kati ya 26.3 na 28.2. Kwa kajae kati ya 28.4 na 30.6. Kwa mfano samaki wa sentimita 80, akiwa annae kutoka ncha ya pua mpaka jichoni ni sentimita 21 mpaka 22 na nusu, akiwa kajae ni kama 22.7 mpaka 24 na nusu. Unaona tofauti ilivyo ndogo, makosa ya milimita chache tu yanamhamisha upande, na kama ncha ya pua imevunjika kipimo hicho hakina kazi tena. Kwa hiyo namba iandike lakini usimhukumu kwa namba peke yake, rangi na kina viende pamoja nayo. Kuna na hesabu ya safu za meno ya mdomoni, taya ya juu annae ana chini ya 40 na kajae zaidi ya 40, ila hiyo waachie maabara, usimpanue samaki hai mdomo ili uhesabu meno.

Picha zinazofaa

Picha ya mvuvi ameshika samaki anacheka ni nzuri, piga, weka kwenye WhatsApp, lakini haimtambulishi samaki. Zinazotakiwa ni hizi, na zote zinapigwa ndani ya dakika mbili.

Ya kwanza, samaki mzima kutoka juu, mgongo wote na pua yote ndani ya picha, simu iwe imenyooka juu yake isiegemee upande. Ya pili ubavuni, karibu, mipasuo ya mashavu ionekane mtu aweze kuhesabu sita mwenyewe. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: tumbo juu, kuanzia ncha ya pua mpaka nyuma ya mdomo, ndevu zimelazwa pembeni zisizibe kitu. Picha hiyo moja ina vipimo vya ndevu, umbo la pua, mdomo na madoa ya tumbo kwa pamoja. Ukipata nafasi ongeza ya karibu ya meno ya pua, uone vile vijino vya nyuma, kamera za simu za siku hizi zinaonyesha vizuri tu ukisogea kwenye mwanga.

Kila picha weka kitu cha kulinganishia, futi ikiwepo vizuri, haipo basi sarafu au kiberiti, na kiwe usawa mmoja na samaki. Usiku epuka mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye ngozi iliyolowa, inang'aa na madoa yote yanapotea, mwambie mwenzako amulike tochi kwa pembeni. Usiweke filta yoyote. Na picha ukizituma WhatsApp zitume kama faili siyo kama picha ya kawaida, ule ubanaji wake unakula vitu vidogo vidogo vyote.

Akiwa hai

Mwachie. Sijasema hivyo kwa sababu ya sheria fulani, nasema kwa sababu hakuna aliyewahi kuhesabu wamebaki wangapi, eneo lake kama linavyojulikana mpaka sasa ni dogo, na hawa hawatagi mayai elfu elfu kama samaki wengine, wanazaa watoto hai wachache kwa mara moja. Watoto wanakaa tumboni mwa mama na ile pua yao, meno yamelala yamejikunja yakitazama nyuma ili wasimchane mama yao, yanasimama baada ya kuzaliwa. Jike mmoja mwenye mimba akienda kwenye mchuzi wamekwenda wote.

Na ana nafasi nzuri ya kupona kuliko unavyofikiria. Changu ukimvuta haraka kutoka pima 15 anatoka tumbo limevimba na matumbo yanatokeza mdomoni, kwa sababu ana kibofu cha hewa. Papa hana kibofu hicho. Kama hakukaa kwenye wavu muda mrefu na hukumwacha juani, anaweza kurudi chini mwenyewe. Kwa hiyo pima na picha zifanyike akiwa amelowa, mwagieni maji kila mara, ikifika dakika tatu nne inatosha hata kama hamjamaliza. Mshushe majini kwa mikono miwili, usimtupe, mshike kidogo ubavuni mwa chombo akiwa ameelekea mkondo mpaka uone mipasuo inafungua na kufunga, halafu legeza mikono.

Jinsia unaiona pale pale, dume ana vijiti viwili kwa nyuma, vimetokeza kwenye mapezi ya tumbo. Jike hana. Iandike.

Akiwa amekufa tayari

Inatokea, wavu umelala usiku kucha. Basi asipotee bure. La maana ni abaki mzima, na pua yake, na matumbo yake ndani, mtie kwenye mfuko peke yake na barafu nyingi. Andika kwa penseli, siyo kalamu ya wino maana itafutika, kwenye kipande cha plastiki au karatasi ngumu: tarehe, mahali, pima ngapi, chombo gani cha uvuvi, ni jarife au mshipi au dhulumati (ule mshipi mrefu wa ndoana nyingi), ulikuwa mchana au usiku, bamvua au maji mafu. Kiweke ndani ya mfuko pamoja naye. Samaki asiye na habari hizo thamani yake inashuka sana hata akiwa mzima kabisa.

Kama lazima auzwe, na naelewa vizuri kwamba kuna siku hiyo ndiyo pesa ya mafuta ya boti, basi ongea na mchuuzi abakishe kichwa na pua, na kipande kidogo cha pezi kama ukucha wa kidole gumba kiwekwe kwenye kichupa chenye spiriti safi kwa ajili ya vinasaba. Mwili uende mnadani, kichwa kibaki. Pia kuna watu wana pua kavu ukutani nyumbani, za zamani, za babu. Msizitupe na msiziuze kwa wageni. Angalieni meno kama nilivyoeleza juu, marefu yamechanganyika na mafupi, pigeni picha juu na chini. Zile pua mbili za Madagascar zilikuwa pua tu na zilitosha kuleta maswali.

Taarifa zinakwenda wapi

Zanzibar anza na afisa uvuvi wa eneo lako au kamati ya wavuvi ya shehia, na moja kwa moja Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko Unguja, wale papa wanawajua na mtu wao alikuwemo kwenye kazi ya 2020. Bara kuna TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania. Kenya kuna KMFRI, taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi, kule Mombasa. Ndugu zetu wa Pemba, Tanga, Mafia, Lamu na Kwale msidhani hii haiwahusu kwa kuwa jina ni la Zanzibar, kina cha mita 20 mpaka 35 kipo pwani yote na mpaka wa samaki huyu hakuna aliyeuchora. Akipatikana kwenu kwa ushahidi wa picha ile ya tatu, ramani yake inabadilika.

Mwenye simu na bando anaweza pia kuweka picha kwenye iNaturalist, pale watu wa dunia nzima wanaojua papa wanaziona. Ila fikiria kidogo kuhusu lokesheni, mvuvi aliyekuamini na mwamba wake hataki kila mtu ajue pa kutega, andika eneo kwa ujumla tu hadharani na ile GPS kamili mpe mtafiti pembeni.

Kwa wanafunzi mnaokwenda dikoni kuuliza

Nendeni alfajiri vyombo vinapoingia, siyo saa nne wakati samaki wameshapasuliwa. Na msianze na kamera. Salimia watu, "shikamoo nahodha, poleni na bahari", kaa pembeni, acha wateremshe na mnada upite, msiwazuie watu na biashara yao. Baadaye ndipo uulize. Na usiulize "umewahi kuona Pliotrema", mwonyeshe picha mbili kwenye simu, ya papa upanga na ya papa msumeno, zote tumbo juu, umwachie yeye aseme.

"Huyu wa ndevu ndiyo huyu, wanaingia kwenye jarife."
"Wapi mzee, pima ngapi?"
"Kumi na tano hivi, kwenye mchanga, siyo mwambani."

Mazungumzo ya namna hiyo, hata kama siku hiyo hakuna samaki wa kupima, ni ya kuandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na msimu, kusi au kaskazi. Uliza pia kwao wanamwitaje, maana jina la pale pale ndilo utakalolitumia ukirudi, na uliza zamani walikuwa wakiingia zaidi au ni vile vile. Ukipata picha baadaye na wataalamu wakakujibu, rudi umwambie mzee matokeo. Wengi hawarudi, na ndiyo maana mwingine akija baada yake hapati jibu.

Kwa wapiga mbizi, kina hicho mnafika na mitungi ya kawaida. Papa huyu ni wa chini, analala au anaogelea karibu na mchanga, rangi yake ya kahawia inamficha, kwa hiyo msimtafute kwenye matumbawe yenye rangi nzuri, angalieni ukingo ambapo mwamba unaisha na mchanga unaanza. Mkimuona bakini mbali kidogo, msimmulike machoni muda mrefu, pigeni video bila kumzunguka, na mara moja angalieni saa yenu ya kuzamia, kina na joto la maji viandikeni mkitoka tu kabla ya chai.